Jicho Moja Linalolia: Uvimbe wa Kifuko cha Machozi

Mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alikaa mbele yangu akijifuta jicho la kushoto kwa pembe ya khanga. "Ni vumbi la dagaa tu, mwanangu," alisema. Vumbi, hata hivyo, huliza macho yote mawili, na lake la kulia lilikuwa kavu.

Mara nyingi jicho la namna hii huwa na mfereji wa machozi ulioziba, na kifuko kilicho pembeni mwa pua hujaa usaha. Ukikiminya, usaha hutokea kwenye kitundu cha kope, na uvimbe wenyewe hukaa chini ya kano inayoshikilia kona ya ndani ya jicho. Uvimbe wa mama huyu ulikuwa mgumu, haukubonyea, na ulipanda juu ya kano hiyo. Nilipopitisha maji ya chumvi kwa sindano butu yalifika kooni, lakini mengine yalirudi yakiwa na damu. Machozi yenye damu hayapewi matone ya antibiotiki kwa mara ya nne.

Vivimbe vya kifuko hiki ni adimu, lakini zaidi ya nusu yake ni saratani, nyingi zikianzia kwenye utando wa ndani. Ndiyo maana nasisitiza picha kabla ya kisu: CT skani huonyesha kama mfupa umeliwa, na MRI hueleza zaidi kuhusu nyama laini. Daktari akifanya haraka upasuaji wa kawaida wa kuzibua, ule wa kutoboa mfupa ili machozi yaingie puani, anaweza kuusambaza ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Kipande kidogo cha uvimbe hukatwa kwanza, kikapimwe maabara.

Limfoma, yaani saratani ya seli za limfu, hutibiwa kwa dawa au mionzi. Saratani ya utando huhitaji kuondoa kifuko na mfereji wote hadi puani, pengine pamoja na mfupa, kisha mionzi, ambayo hapa Mwanza inapatikana Hospitali ya Bugando. Tezi za shingo na za mbele ya sikio hukaguliwa kwa miaka, kwa sababu ugonjwa huu hurudi hata baada ya kusahaulika.

Jibu la maabara la mama huyu lilikuwa papiloma, ambayo si saratani, ingawa ikiachwa huweza kugeuka. Kabla hajasaini fomu nilimweleza kwamba, kifuko kikiondolewa, jicho litaendelea kutoa machozi. Aliuliza tu kama leso moja kwa siku itamtosha.