Maktaba ya Mashabiki: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwambie mtu kwamba mtandaoni kuna maktaba yenye hadithi zaidi ya milioni 10, zote zimeandikwa na watu wasiolipwa hata senti, na karibu zote zinahusu wahusika waliobuniwa na mtu mwingine. Kwanza atacheka. Kisha atauliza kama huo si wizi. Baada ya hapo yatafuata mengine: ni mambo ya watoto, ni uchafu mtupu, kuna kampuni inatajirika hapo. Maktaba yenyewe ni Archive of Our Own, ambayo wenyewe huiita AO3, na mengi yanayosemwa juu yake husemwa na watu ambao hawajawahi kuifungua. Mengine husemwa na wanaoifungua kila siku.

"Ni michezo ya watoto wa TikTok."

Mwaka 1967, Star Trek ikiwa bado inaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani, mashabiki wake walichapa jarida la mkono waliloliita Spockanalia. Ndani yake mlikuwa na insha, mashairi na hadithi kuhusu Spock, mmoja wa wahusika wake. Majarida ya aina hiyo yakazaana, yakawa yanasafiri kwa posta na kuuzwa kwenye makongamano, na waandishi wake wengi walikuwa wanawake watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao. Hata ile alama ya mkwaju (/) inayowekwa kati ya majina mawili kuonyesha mapenzi ilianzia kwao miaka ya 1970, kwa Kirk na Spock. Intaneti ilipofika, hadithi zikahamia huko. Mashabiki wa tamthilia ya The X-Files wakajenga hazina yao, Gossamer, katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 ikaanzishwa FanFiction.Net iliyokusanya mashabiki wa kila kitu mahali pamoja.

Na tukisema ukweli, kuchukua kazi ya mwenzako ukaiongezea yako si jambo geni kwa Waswahili. Takhmisi ni nini? Sayyid Abdalla bin Nasir aliuchukua utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, akautilia mishororo yake mitatu kwenye kila ubeti, na hakuna aliyemwita mwizi. Waliisifu kazi yake.

"Ni wizi wa hakimiliki, basi."

Hapa majibu ya haraka yanapotosha pande zote mbili. Anayesema ni wizi moja kwa moja amekosea, na anayesema ni halali kwa sababu tu hauzi naye hajapata.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 107, inaruhusu matumizi ya haki ya kazi ya mtu mwingine, na mahakama hupima mambo manne: umeitumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathirije soko la mwenye kazi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew, lililokuwa limeufanyia mzaha wimbo wa Roy Orbison. Katika uamuzi huo mahakama ilitilia mkazo swali la kama kazi mpya imeibadilisha ile ya awali kwa kuipa maana au ujumbe mwingine. Shirika linaloendesha AO3 limejipa jina kutokana na hoja hiyo hiyo: Organization for Transformative Works. Msimamo wao ni kwamba hadithi ya shabiki isiyo ya biashara ni kazi ya kubadilisha. Ni hoja nzito, na wanasheria wao wanaisimamia vizuri, lakini bado ni hoja. Mahakama ya Juu ya Marekani haijatoa hukumu inayosema hadithi za mashabiki kwa jumla wake ni halali.

Kutokulipwa, kwa hiyo, ni sehemu tu ya mizani, ingawa AO3 hawana mchezo nayo. Mwandishi haruhusiwi kuweka kiungo cha kuchangiwa fedha, kama Patreon au Ko-fi, kwenye hadithi yake, wala kuandika mwishoni "ukipenda nitumie ya soda". Kazi yenye kosa hilo inaweza kuripotiwa, mwenyewe akabaki anashangaa.

Tena hiyo ni sheria ya Marekani. Kenya na Tanzania zina sheria zake na orodha zake za matumizi yanayoruhusiwa, kwa hiyo mwandishi wa Mombasa au Dodoma asijidai anakingwa na kifungu cha 107. Kuna pia wahusika ambao hawana tena mwenyewe. Arthur Conan Doyle alifariki mwaka 1930, na hadithi za mwisho za Sherlock Holmes zilitoka kwenye hakimiliki nchini Marekani tarehe 1 Januari 2023. Holmes wa vitabuni sasa ni wa kila mtu. Holmes wa tamthilia ya BBC, pamoja na mambo yaliyobuniwa kwa ajili ya tamthilia ile, bado ana mwenyewe.

"Hakuna mpangilio, kila mtu anatupia tu."

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu inafuta kazi kubwa ya watu. Wengi hufikiri AO3 ni kama mtumba uliofunguliwa sasa hivi Karume: inama, chambua, bahati yako. Kumbe chini ya lile rundo kuna ukutubi ambao maktaba nyingi za vyuo zingeuonea wivu.

Tumchukue huyo huyo Holmes. Mwandishi mmoja akipandisha hadithi, kwenye sehemu ya uhusiano anaandika "Watson/Holmes". Wa pili anaandika "Sherlock Holmes/John Watson". Wa tatu anaandika "Johnlock", jina la utani ambalo mashabiki wa tamthilia wanalijua na mgeni hawezi kulikisia. Kwenye mitandao tuliyoizoea, hizo ni hashtagi tatu zisizojuana. Ukitafuta moja, mbili zinakupita.

AO3 wana watu wa kujitolea, mamia kwa mamia, ambao kazi yao ni kupanga tagi, yaani maneno ya utambulisho yanayobandikwa kwenye kila hadithi. Mmoja wao akiziona tagi hizo tatu, huchagua moja iwe tagi kuu, halafu huziunganisha nyingine nayo nyuma ya pazia. Kuanzia hapo, anayechuja kwa tagi kuu anapata hadithi zote tatu. Ila mpangaji haruhusiwi kugusa neno la mwandishi. Aliyeandika "Johnlock" bado anaiona "Johnlock" yake juu ya hadithi, jinsi alivyoiandika. Maktaba za kawaida humlazimisha mtu atumie msamiati wao, na mitandao ya kijamii humwacha kila mtu na lake. Hawa wamepata njia ya kati, na inagharimu saa nyingi za binadamu.

Alama nazo zina kazi. Mkwaju kati ya majina ni mapenzi. Alama ya "&" ni urafiki, undugu au uhusiano mwingine usio wa kimapenzi. Mgeni asiyejua tofauti hiyo hufungua hadithi akitegemea upelelezi, akakuta Holmes na Watson wanaoana.

Juu ya tagi kuu kuna tagi mama. Vitabu vya Conan Doyle vina tagi yao, tamthilia ya BBC ina yake, filamu zina zake, na zote zimekaa chini ya tagi moja pana ya Sherlock Holmes na ndugu zake wote. Unayetaka ukoo mzima unaingilia juu, na unayetaka vitabu peke yake unashuka mpaka kwenye vitabu. Mada nazo zimepangwa hivyo hivyo: kuna tagi pana ya hadithi zinazowahamishia wahusika kwenye ulimwengu mwingine, na chini yake kuna matawi, mojawapo la hadithi ambazo wahusika wote wanafanya kazi mgahawani. Ndiyo, ziko nyingi kiasi cha kustahili tagi yao.

Tagi za porojo, mfano wa "nimeandika saa tisa usiku msinihukumu", huachwa zilivyo. Hazikuzwi kuwa za kuchujia, wala hazifutwi. Uhuru huo uliwahi kutumiwa vibaya: kuna hadithi moja iliyobandikwa tagi zaidi ya elfu moja, ikawa mtu anateremsha skrini ya simu mpaka kidole kinauma. Mwaka 2021 ukawekwa ukomo wa tagi 75 kwa kazi moja.

"Haina onyo, kwa hiyo ni salama."

Kosa hili hufanywa na wasomaji wa siku nyingi, wala si wageni tu. Maonyo ambayo AO3 humtaka mwandishi ayatolee tamko ni manne: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayomhusisha mhusika aliye chini ya miaka 18. Lakini mwandishi ana njia mbili nyingine. Anaweza kutamka kwamba hakuna hata moja kati ya hayo kwenye hadithi. Au anaweza kutamka kwamba ameamua kutoonya.

Hizo mbili si kitu kimoja. "Ameamua kutoonya" maana yake lolote kati ya hayo manne linaweza kuwamo, huenda lisiwemo, na umeshaambiwa uingie kwa hiari yako. Wengine huchagua hivyo ili wasimwage siri ya mwisho wa hadithi. Msomaji anayepita haraka huona hakuna onyo lililotajwa, akaingia, akatoka analia. Aliyetamka kwamba hakuna kitu, kisha mhusika mkuu akafa sura ya tano, anaweza kuripotiwa, na onyo lake likabadilishwa.

Tagi nyingine zote za tahadhari ni hisani ya mwandishi. Anachobanwa nacho ni kichwa cha hadithi, lugha, jina la kazi inayohusika, kiwango cha umri na hayo maonyo. Hata kwenye kiwango cha umri anaruhusiwa kusema hajakipanga, na hapo mzazi anayepitia simu ya mtoto asidhani kutopangwa ni sawa na kufaa kwa watoto.

"Lazima kuna kampuni inakula hela."

Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikuwepo kweli, ila si hii. FanLib ilitaka kugeuza hadithi za mashabiki kuwa biashara, na mashabiki wakakasirika kuona watu wa nje wakipiga hesabu za jasho lao. Mwezi Mei mwaka huo huo LiveJournal, mtandao wa blogu ambako mashabiki wengi walikuwa wamepiga kambi, ilifuta takriban akaunti 500 kwa pamoja ikidai inasafisha maudhui machafu. Waliofutwa ni pamoja na jumuiya za hadithi na hata makundi ya kusaidiana kwa watu waliowahi kudhulumiwa. Tena mashabiki walikuwa bado wanakumbuka mwaka 2002, FanFiction.Net ilipopiga marufuku hadithi za watu wazima na kuziondoa.

Waliofikia uamuzi wa kujenga kwao walikuwa wameshaungua mara kadhaa, na hilo linaeleza mengi: kwa nini AO3 inapokea karibu kila kitu kisichovunja sheria, pamoja na vitu ambavyo wewe na mimi tusingependa kuvisoma, kwa nini seva ni mali yao wenyewe, na kwa nini hakuna hata tangazo moja. Fedha zinatoka kwa michango ya wasomaji. Mlango ulifunguliwa kwa umma Novemba 2009.

Msimamo huo wa kupokea karibu kila kitu una lawama zake. Mwaka 2020 wasomaji Weusi na wengine walisema wazi kwamba AO3 imekuwa mzito kushughulikia ubaguzi wa rangi, na mjadala huo haukuwa wa uzushi.

"Algoriti yao hainipendi."

Hawana mfumo wa kumchagulia msomaji cha kuona. Hadithi hujipanga kwa tarehe ya kusasishwa, basi. Ukitaka zilizopongezwa zaidi, au fupi, au zilizokamilika tu, unachuja mwenyewe.

"AO3 ilishinda Hugo, kwa hiyo kila mwandishi wake ni mshindi."

Hugo, tuzo ya fasihi ya sayansi ya kubuni na fantasia, ilitolewa Dublin mwaka 2019, kwa maktaba yenyewe kama mradi. Hadithi yako ya wikendi haimo, pole.

"Kikishapandishwa, kimehifadhiwa milele."

Mwandishi anaweza kufuta kazi yake leo usiku, na hakuna wa kumzuia. Anaweza pia kufanya kitu ambacho sijakiona kwingine: kuiacha hadithi yatima. Jina lake linaondolewa, hadithi inabaki na wasomaji wake. Wanaopata ajira mpya na kuogopa bosi atawaguguli huipenda sana njia hiyo. Lakini haina marejeo. Ukishaiachia, hata wewe mwenyewe huwezi tena kuihariri.

Kuna mradi wa shirika hilo hilo, Open Doors, unaookoa hazina ndogo ambazo wenyewe wamechoka au wameishiwa fedha, kwa kuzihamishia AO3. Hata hivyo AO3 yenyewe haijajengwa kwa chuma. China iliifungia mwishoni mwa Februari 2020 baada ya mashabiki wa mwigizaji mmoja kuiripoti, na Julai 2023 ilishambuliwa ikawa haifunguki. Kwenye kila hadithi kuna kitufe cha kupakua, EPUB au PDF. Kitumie.

"Ni ya Kiingereza tu."

Kiingereza kimetawala, hilo halina ubishi. Lakini kwenye orodha ya lugha Kiswahili kimo, na ukiandika kwa Kiswahili kichague, maana kichujio cha lugha kinategemea ulichokichagua wewe, hakikisii kutoka kwenye maandishi. Tagi za nyongeza nazo unaweza kuziandika kwa Kiswahili chako. Ukiandika "kifo cha mhusika", mpangaji anaweza kuiunganisha na tagi kuu ya Kiingereza yenye maana hiyo, na msomaji wa Brazil aliyeamua kutosoma hadithi za vifo atakuwa ameikwepa yako bila kujua neno moja la Kiswahili.