Vitabu Vilivyo Mezani Kwangu, na Sababu ya Kuvisoma Polepole

Nimefundisha Kiswahili, hasa ushairi, kwa miaka mingi hapa Dodoma. Wanafunzi wangu wa zamani hunijia wakauliza ninasoma nini siku hizi, na hushangaa wakisikia kwamba ni vitabu vitatu tu, tena vilevile vilivyokuwa mezani mvua zilipoanza. Ninasoma polepole kwa kukusudia, kwa sababu kila neno linalonisimamisha nalipa muda wake kabla ya kuendelea.

Cha kwanza ni Diwani ya Mnyampala, iliyochapishwa mwaka 1963. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji, kwa hiyo kwangu yeye ni jirani kabla ya kuwa malenga. Namsoma alfajiri, upepo ungali umetulia, na namsoma kwa sauti. Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, hupimwa kwa sikio. Jicho peke yake hudanganyika kwa urahisi. Tuseme mtu anatunga tarbia, shairi la mishororo minne katika kila ubeti, yenye mizani (yaani silabi) kumi na sita katika kila mshororo, nane za ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na nane za utao, kipande cha pili, kisha akaandika katika ukwapi maneno haya: “Mbuyu umesimama.” Zimetimia nane. Sasa abadili, aandike: “Mbuzi amesimama.” Kwa jicho hakuna kilichopungua, maana herufi ni kumi na nne huku na kumi na nne kule, lakini mizani zimebaki saba na mshororo umechechemea. Sababu ni kwamba “m” ya mbuyu ni kiambishi cha ngeli, kinachogeuka “mi” tukisema mibuyu, nayo husimama kama silabi kamili: m-bu-yu. Ile ya mbuzi imeungana na “b” katika tamko moja: mbu-zi. Anayesoma kimyakimya hupita hapo bila kuhisi lolote. Mimi hushika penseli na kupiga kistari chini ya kila silabi, na ulimi ukijikwaa hurudi mwanzo wa ubeti. Kwa mwendo huo beti tano zinanitosha kwa asubuhi moja, nami huziona nyingi.

Vitabu viwili vingine huvisoma jioni, kwa pamoja. Kimoja ni cha Mnyampala huyohuyo, kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Kingine ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo inamfuata kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kuwa rehani ya deni kwa mfanyabiashara, ambaye baadaye anaandamana naye bara katika msafara. Ilichukua miaka mingi kutufikia kwa lugha yetu, kwani kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na ninaisoma kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake.

Ninaviweka pamoja kwa sababu katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza hapa Ugogo, nchi kavu ambayo mpita njia hakuweza kuivuka bila kununua chakula na kuomba maji kwa wenyeji. Watemi walitoza misafara hiyo hongo, kwa nguo, shanga na nyaya, ndipo njia ikafunguliwa. Msomaji wa leo akikutana na neno hongo katika habari za wakati ule humwona mtemi kuwa mla rushwa, kwa kuwa hiyo ndiyo maana iliyobaki vinywani mwetu. Lakini ile ilikuwa ada ya njia, yenye kudaiwa hadharani na mwenye nchi, na mara nyingi ikibishaniwa kwa siku kadhaa. Kusoma haraka hapa kunamvunjia mtu heshima bila msomaji kujua.

Maneno ya namna hiyo huyaandika katika daftari, neno moja kwa ukurasa, nikiacha nafasi chini kwa matumizi mengine nitakayokutana nayo. Ukurasa wa hongo umejaa, nao nimeubandikia karatasi ya pili.