Moyo kupiga mbio: hesabu ya kawaida ni ngapi, na wakati gani ukuje tukuone

Mama moja alifika hapa kituoni kwetu, alikuwa amepanda toka soko ya Kadutu na mufuko wa unga ku kichwa, akakaa tu, mashini ikaandika moyo unapiga mara 118 kwa dakika. Uso ukamubadilika, akauliza kama moyo unataka kusimama. Tukamwambia mama tulia kwanza, usiongee, na kisha dakika kumi tukapima tena: 82. Moyo wake ulikuwa unafanya kazi yake, ju Bukavu ni milima na mufuko ni muzito.

Mutu mukubwa akiwa amepumzika, moyo unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Wenye kufanya spoti sana wanaweza kushuka hata 40 na kitu, na haiko ugonjwa kama hawasikii kizunguzungu. Lakini pima asubuhi ungali kitandani, mbele ya kahawa: weka vidole viwili ku mukono, chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 30, utie mara 2. Usipime na kidole gumba, nacho kiko na mapigo yake, kitakudanganya. Ukisikia yanaruka-ruka, hesabu dakika nzima na ukuje utuambie.

Sasa futingi, mazoezi ya kutembea na kukimbia. Toa miaka yako ku 220. Wa miaka 40 anabaki na 180, ndiyo mwendo wa juu kabisa wa moyo wake, kwa hiyo kutembea haraka kumuletee 90 mpaka 126 (nusu mpaka asilimia 70 yake), na mbio ya nguvu 126 mpaka 153 hivi (asilimia 70 mpaka 85). Ni makadirio tu. Na kama unakunywa dawa ya tansio ya kupunguza mwendo wa moyo, kama atenololi ao propranololi, hesabu hiyo haikufai hata kidogo, tumia mudomo: ukiweza kuongea lakini hauwezi kuimba, hapo ni sawa, ukibaki na maneno mawili matatu tu basi umeingia kwa nguvu. Wababa wa miaka 50 ambao hawajakimbia toka zamani na Jumapili wanataka kufuata vijana ku mulima, hao ndio wananihangaisha, naomba waanze na kutembea tu, wiki nyingi.

Ukiwa umepumzika na kila siku ni juu ya 100, ukuje. Inaweza kuwa homa, malaria, damu kidogo, ao maji imepunguka mwilini, na hizo zote zinatibiwa. Lakini ukiwa kwa mazoezi, kifua kikakubana, maumivu ikaenda ku mukono ao ku taya, ao ukataka kuzimia, simama hapo hapo, watu wakupeleke hospitali, usingoje kesho.

Yule mama alirudi kisha wiki moja na kaye (daftari) ya mutoto wake, mistari saba: 74, 72, 76, 73, 75, 72, na moja ya 88. Nikamuuliza ile 88. Akasema usiku ule alilala ku kilio.