Kidato cha ngazi ya boti kitengenezwe kwa kitu gani?

Kidato ni kile kibao cha kukanyagia unapopanda botini kutoka majini. Kikioza, wengi huuliza tu mbao gani ni ngumu. Ugumu ni sehemu ndogo ya jambo. Kinachofaa ni kile kinachostahimili kuloa na kukauka kila siku, jua letu la ikweta na matundu ya skrubu.

Kuloa na kukauka ndiko kunakoua. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka maji na hewa kwa pamoja. Ubao unaokaa chini ya maji daima hudumu kwa sababu hewa haiufikii vya kutosha; mkavu nao hudumu. Sasa tazama kidato cha boti ya Dunga, ufuoni Kisumu, inayopeleka watalii kuona viboko: saa hii kimo ziwani, baadaye kinachomwa na jua. Ukikigeuza kilichooza utakuta katikati pazima, lakini vichwa vyake, pale msumeno ulipopita, vinabonyea kwa kidole, na kila skrubu imezungukwa na weusi. Ndiko maji yanakopenya na kukawia. Kwa hiyo rangi ya maana ni ile inayoingia kwenye vichwa na ndani ya tundu kabla skrubu haijakazwa. Ya juu ni urembo zaidi.

Mvule ndio uliozoeleka, kwani una kinga yake ya asili dhidi ya kuvu na mchwa, ila siku hizi ni adimu na bei yake si mchezo. Saiprasi ni nafuu, lakini usitarajie udumu kama mvule.

Plastiki nzito, ya jamii ya mitungi ya maji, haiozi kabisa. Shida yake ni kunepa. Ukakamavu wake ni takribani sehemu moja ya kumi ya mbao ngumu, kwa hiyo ubao wa mvule wa inchi 1 hubadilishwa na plastiki ya inchi 2 na kitu ili mtu mzito asihisi kidato kikizama. Chagua nyeusi, maana masizi yaliyochanganywa humo huikinga na jua. Tundu la bolti liwe pana kidogo, kwa kuwa plastiki hutanuka sana ikipata joto.

Kwenye stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, wauzaji hupenda kukupigia debe ile ya namba 316. Hiyo ni ya bahari ya chumvi; Ziwa Victoria ni maji baridi, na ile ya namba 304 inatosha. Ukienda na sumaku dukani itakusaidia kutambua chuma cha kawaida kilichong'arishwa, lakini haitakutenganishia 304 na 316.

Ngazi ikiwa ya alumini, jihadhari na vipande vya nguzo za stima. Ni vya bei rahisi na haviliwi na mchwa, lakini dawa iliyomo ina shaba, na shaba pamoja na unyevu hula alumini pale vinapogusana. Dawa hiyo mara nyingi ina arseniki pia, ambayo ni sumu, na abiria wengi hupanda miguu mitupu.

Vyovyote utakavyochagua, usipake vanishi ya kung'aa juu, maana ikiloa huteleza. Chora mifereji ya kukingama kwa msumeno, au nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa kwenye rangi ikiwa bado mbichi.