"Hana kitu, wamwibie nini?"

Mvua kubwa ikishapita Arusha, utasikia: "Aliyesombewa nyumba tapeli atamwibia nini?" Si kweli. Huyo ndiye anayewindwa, kwa sababu michango ya ndugu inaingia kwenye simu yake na msaada anausubiri kwa hamu.

Niliona kwenye kata ya Unga Limited, Arusha: mama anaanika magodoro, matope yangali ukutani, simu inaita. "Umepitishwa kupata msaada, tuma elfu kumi ya fomu." Alikuwa ameshaanza kubonyeza. Tulimzuia jina la mpokeaji lilipotokea, maana lilikuwa la mtu binafsi. Msaada wa maafa haulipiwi kiingilio. Ukiambiwa ulipie, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umuulize ana kwa ana.

Namba ya siri usimtajie yeyote, hata akijua jina lako kamili. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama ya kidole navyo ni mali: vinasajili laini. Kama ulishavitoa kwa "waandikishaji" usiowajua, piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040, bure.