Dhana za kodi zinazosikika Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza

"Mshahara ukivuka daraja, kodi inaumeza wote."

Si kweli. Kiwango cha juu kinagusa ile nyongeza tu. Chukua mwalimu wa Nyamagana ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 1,000,000 kwa mwezi. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi hata senti, kisha zinafuata ngazi za asilimia 8, 20 na 25. Jumla anakatwa 128,000. Akiongezwa 50,000 anaingia kwenye asilimia 30, lakini ni ya hizo 50,000 peke yake. Inakwenda 15,000, inabaki 35,000. Zile 128,000 haziguswi.

Ila dhana hii haikuzuka hewani. Muuza dagaa asiyetunza hesabu anaijua vizuri. Kwa jedwali la wafanyabiashara wadogo lililowekwa 2019, asiye na kumbukumbu na mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka analipa 100,000. Akipita milioni 7, hata kwa gunia moja, ni 250,000. Gunia moja, shilingi 150,000! Nani asingelificha? Jirani yake mwenye daftari na risiti anatozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4: akiuza milioni 7 analipa 90,000, akiuza milioni 7.1 analipa 93,000. Huyo hana sababu ya kuogopa kukua. Mabishano yetu mengi ni ya kiwango cha kodi, kumbe kinachomzuia mtu ni hiyo ngazi ya ghafla.

"Machinga halipi kodi."

Analipa kila anaponunua sabuni ya dukani. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 imo ndani ya bei.

"Tozo ikipanda, mapato yanapanda vilevile."

Tulijaribu Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipofika hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Anayetuma fedha kisiwani Ukerewe ana njia nyingine: kumpa mtu anayepanda meli. Wengi wakarudi kwenye fedha taslimu. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na 2022 ikapunguzwa tena.

"Serikali ikitumia fedha nyingi, uchumi unakua."

Inategemea zimeondoa kikwazo gani. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria katika njia ya Mwanza–Sengerema, lilifunguliwa Juni 2025 kwa gharama ya zaidi ya bilioni 700. Wakati wa ujenzi fedha ziliwafikia mafundi, mama ntilie na wauza kokoto, lakini hayo yalikoma ujenzi ulipoisha. Faida yake ya kudumu iko kwenye saa ambazo magari yalikuwa yakizipoteza kwenye foleni ya kivuko, samaki wakiyeyukiwa na barafu. Kwa hiyo sipendi kuuliza saruji kiasi gani imemwagwa pale. Namuuliza dereva wa Sengerema: zamani ulikwenda Mwanza mara ngapi kwa wiki, na sasa?