Ratiba nyingine ya nini?

Wiki hii nimeombwa tena: "Nipangie ratiba nzuri, biashara ya mtandaoni inanimaliza." Nimeshachoka kuhesabu ni mara ya ngapi. Kazi yangu ni kukagua shughuli za watu wanaouza mtandaoni, na karibu kila anayenijia akiwa hoi huja na ratiba mkononi, tena ya rangi rangi.

Aliyechoka tu akilala siku mbili huamka mzima. Mwenye uchovu sugu wa kazi hulala hizo siku mbili, na ya tatu simu ikilia tumbo linamkaza. Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa uliopitishwa 2019, halikuiita hali hii ugonjwa. Liliihesabu kuwa jambo la kazini lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Kila mtu hung'ang'ania ya kwanza. Mimi huuliza ya pili: mteja akikuuliza bei uliyoiandika chini ya picha, unajisikiaje? Anayecheka amechoka. Anayenieleza dakika kumi nzima jinsi wateja walivyo wapumbavu, huyo ndiye.

Na ratiba yake humdanganya. Amekaa kuandika maelezo ya bidhaa, kazi ya nusu saa. Dakika ya sita mteja anaandika: "Ipo?" Anajibu, "Ipo, karibu." Sekunde nne tu. Anarudi kwenye sentensi, anaisoma upya. "Rangi gani?" Anajibu. Kimya. Sasa haandiki tena, anamsubiri mtu ambaye pengine ameshalala. Saa mbili zikipita, ratiba inasoma "maelezo ya bidhaa: saa mbili", naye anajiona mzembe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza jinsi sehemu ya akili inavyobaki kwenye kazi uliyoiacha. Muuzaji wa mtandaoni huacha kazi mara arobaini kabla ya chakula cha mchana.

Zima arifa, andaa majibu ya maswali yanayojirudia, weka saa ya mwisho ya kupokea oda. Haya mnayajua. Zile dakika 25 za Pomodoro, unafanya kazi mpaka kengele ilie kisha unapumzika kidogo, humfaa anayeahirisha kazi. Kwa anayekatizwa kila mara ni kengele moja zaidi.

Ninapobishiwa ni hapa: jibu ujumbe mara tatu kwa siku, na uzitangaze saa hizo. "Wateja watakimbia!" Wengine hukimbia kweli. Anayeuza kitu ambacho kila muuzaji anacho huwa anauza wepesi wa kujibu. Niliwahi kumpa mmoja wa aina hiyo ushauri huu, mauzo yakashuka, akarudi kujibu usiku wa manane. Nikamwambia aajiri mtu wa kujibu. Faida yake haikutosha kumlipa mtu huyo hata nusu mshahara. Kumbe tangu mwanzo shida ilikuwa bei, na mimi nilikuwa nimekaa nampimia dakika.

Hata mimi mwenyewe sina uhakika na dawa yangu. Nilipoacha kuamka nikiichukia simu, ulikuwa mwezi uleule niliopunguza saa za kujibu na kupandisha ada. Kipi kiliniponya? Nashuku ni ada.

Basi huyu wa wiki hii nimemwomba kwanza anitumie bei na gharama zake zote. Ameuliza vinahusiana vipi na ratiba.